Wanatarajiwa

Mwanzoni mwa Desemba 1996, serikali ya Tanzania, pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitoa tangazo kwa wakimbizi wa Rwanda. Lilisema kwao sasa ni salama, na kwamba wote wanatarajiwa kurudi ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo.

Wanatarajiwa maana yake nini? Tunadhani mtarudi? Tunawaomba mrudi? Au mtarudi, mtake msitake?

Waliopaswa kujibu hawakuwa wachache. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikawa kama mji. Ndani yake walikuwemo pia walioshiriki mauaji ya kimbari, na baadhi yao waliwatisha wenzao wasirudi. Serikali haikukosa sababu.

Lakini sheria ilikuwa wazi. Mkataba wa OAU wa 1969 kuhusu wakimbizi unasema mkimbizi hatarudishwa kwao bila hiari yake. Tangazo halikukifuta kifungu hicho. Lilitumia tu neno linaloweza kukaa pande zote mbili.

Katikati ya Desemba, maelfu walifunga virago wakaelekea mashariki, upande iliko Biharamulo, mbali na mpaka. Walikuwa wamelisoma neno lile kama jambo linaloweza kukataliwa. Wanajeshi na polisi wakawageuza. Mwezi ulipokwisha, karibu nusu milioni walikuwa wamesharudi Rwanda, wengi kwa daraja lilelile.

Machi 1997, Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha RFC 2119, waraka mfupi kwa waandishi wa viwango vya intaneti. Unafafanua maneno machache: "lazima" haina mjadala, "inafaa" inaweza kuachwa kwa sababu nzito, baada ya kupima matokeo, "inaruhusiwa" ni hiari kabisa. Waandishi wa programu wanajua kwamba wawili wakilielewa neno moja tofauti, kompyuta zao hazitaelewana.

"Wanatarajiwa" haimo katika ngazi hizo. Si lazima, wala si hiari. Mwandishi wa tangazo angelazimika kuchagua: aandike "hiari" na kuwaacha wanaotaka kubaki, au aandike "lazima" na kukiri mbele ya dunia kwamba anavunja mkataba. Hakuchagua. Maana ikaja kutolewa barabarani, na waliokuwa na bunduki.