Kupanua throto na plenamu nyumbani

Kupanua throto na plenamu ni kazi ya kuondoa mlango wa hewa wa injini ya petroli, pamoja na chumba cha hewa kilicho nyuma yake, na kuweka vyenye nafasi kubwa zaidi ili injini ivute hewa bila taabu. Kitengela, Isinya na mjini Kajiado, kwenye barabara ya Namanga kusini mwa Nairobi, kazi hii hufanyiwa uani kwa mwenye gari au kwenye banda la makanika wa jua kali, hasa kwa Subaru na Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuletwa Kenya. Husifiwa kwa jambo isiloliweza na kupuuzwa kwa jambo inaloliweza. Throto kubwa hairudishi hewa ambayo mwinuko wa nchi umekwisha kuiondoa; lakini mtu akiifungua throto yake kwa uangalifu, mara nyingi hukuta humo nguvu iliyokuwa imezibwa na uchafu.

Vifaa vyenyewe

Bodi ya throto ni kipande cha aluminiamu chenye tundu la mviringo. Ndani ya tundu mna kisahani kilichoshikwa na mhimili mwembamba uliopita katikati yake, nacho hugeuka kufungua na kuziba njia. Madereva husema "kanyaga mafuta", ilhali mguu haugusi petroli hata kidogo: kinachofunguka ni hewa. Sensa hupima hewa iliyoingia, kisha kompyuta ya injini hukadiria petroli ya kuandamana nayo. Katika gari za zamani kisahani huvutwa na kebo itokayo kwenye pedeli; katika nyingi za sasa huzungushwa na mota ndogo ya umeme kwa amri ya kompyuta.

Plenamu ni tangi. Mwenye nyumba Kitengela anajua kwa nini ameweka tangi juu ya paa: maji huingia polepole, mifereji ya ndani hufunguliwa na kufungwa ovyo, na tangi hukaa katikati ili kila mfereji upate haki yake. Silinda nne nazo huvuta hewa kwa zamu, kila moja kwa mshtuko wake, na plenamu huituliza mishtuko hiyo isifike kwenye throto. Kutoka plenamu hewa hupita katika mikono ya manifoldi hadi kwenye valvu. Urefu wa mikono hiyo una uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani: mikono mirefu huipa injini nguvu ya kuvuta ikiwa katika mizunguko ya chini, mifupi huisaidia juu. Basi anayeweka plenamu pana yenye mikono mifupi kwenye gari la kubebea mboga kutoka Isinya huweza kupoteza pale anapohitaji, yaani kuondoka na mzigo, akapata pale asipofika kamwe.

Hewa iliyopo

Kitengela iko kati ya mita 1,500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kajiado uko karibu mita 1,700. Pwani, shinikizo la hewa ni kiasi cha kilopaskali 101. Kitengela ni 84, na Kajiado ni 82 na kitu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 17 ya hewa yake kabla hata haijawashwa. Gari lililozoea barabara za Tokyo au Osaka, miji iliyo karibu na bahari, hufika hapa likiwa na kifua kilekile na hewa pungufu, na mwenye nalo hulalamika kwamba halivuti kama alivyosoma kwenye karatasi zake. Karatasi hazikudanganya. Zilipimwa penye hewa nzito.

Ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kajiado upo ushahidi ambao dereva anaweza kujionea. Anayetoka Isinya kwa njia ya Kiserian, akateremka Kona Baridi hadi Magadi, hufika penye mwinuko wa kama mita 600, ambako shinikizo ni karibu kilopaskali 94. Joto la Magadi hula sehemu ya faida hiyo, lakini sehemu inayobaki ni kubwa kuliko ile ambayo throto pana humpa mwenye injini ya kawaida.

Tabo hubadilisha hesabu, kwa kuwa husukuma hewa ndani badala ya kungoja ivutwe, na ndiyo sababu Subaru yenye tabo husahau mwinuko kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, ili kufikia shinikizo lilelile la pwani, tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuitia hewa joto zaidi.

Hesabu ya tundu

Kipenyo kikiongezeka kidogo, eneo huongezeka sana. Tundu la milimita 60 lina eneo la milimita za mraba 2,827. La milimita 66 lina 3,421. Asilimia 10 ya kipenyo imekuwa asilimia 21 ya eneo, na hapo ndipo muuzaji huanzia maneno yake.

Swali ni kama tundu la mwanzo lilikuwa likiinyima injini hewa. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta, ikijaa kabisa, lita 6,000 za hewa kwa dakika, yaani lita 100 kila sekunde. Katika tundu la milimita 60 hewa hiyo hupita kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde. Kwa uzito wa hewa ya Kitengela, shinikizo lote lililomo katika mwendo huo ni kama kilopaskali 0.6, na hata ukihesabu nafasi inayoliwa na mhimili na kisahani, halifiki 1. Mwinuko umechukua 17. Anayetoa pesa nyingi kuifukuzia ile moja anastahili kuambiwa hivyo mapema, na makanika mwema humwambia.

Kwa nini basi gari huhisiwa kuwa jepesi baada ya throto pana kufungwa? Kwa sababu pedeli ikikanyagwa kidogo, kisahani kikubwa hufungua njia kubwa zaidi kuliko kile cha zamani. Nguvu iliyokuwa ikipatikana kwenye nusu ya pedeli sasa hupatikana kabla ya kufika nusu. Pedeli ikifika sakafuni, gari ni lilelile.

Mfano mkubwa ulipita katika nyika hizihizi. Safari Rally, kabla ya kutoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilikuwa na baadhi ya hatua zake katika nyika za Kajiado. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, wote kwa Subaru Impreza. Kanuni za wakati huo zililazimisha injini zile za lita 2 zenye tabo kupitisha hewa yote kwenye kizuizi cha milimita 34, eneo lisilofikia theluthi ya tundu la milimita 60, na bado zilitoa kama nguvu-farasi 300. Kizuizi hicho kilichongwa kwa ulaini mkubwa, na hewa ilipita humo kwa kasi ya kutisha. Lakini injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox na Fielder hutoa kama nguvu-farasi 110 tu, na throto yake si mahali pa kwanza pa kushuku. Magari yale ya Safari yalibeba pia bomba refu la kuvutia hewa, lililopanda kando ya kioo cha mbele juu ya maji na vumbi. Timu zenye mafundi bora duniani zilipofika hapa zilihangaikia hewa safi.

Throto pana ina mahali pake. Injini iliyobadilishwa kemshafti, iliyochongwa njia za hedi, au yenye tabo kubwa kuliko ya kiwandani, huvuta hewa nyingi kiasi cha kulifanya tundu la zamani kuwa kweli kikwazo.

Kupima kwanza

Kipimo kinachoamua jambo hili hakihitaji gereji. Kisomaji kidogo cha Bluetooth huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na simu huonyesha namba. Kwa gari lisilo na tabo lenye sensa ya shinikizo la manifoldi, ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, simu ya mtu aliyeegesha Kitengela huandika 84 au karibu yake. Kisha gari huendeshwa mahali salama penye mlima wa kupanda, mwenzake akisoma namba, pedeli ikanyagwe hadi mwisho na mizunguko ipande. Namba ikibaki 82 au 83, njia ya hewa haina shida. Ikishuka hadi 78, kuna kinachoziba, na kabla ya kulaumu throto, ea klina, yaani chujio la hewa, itolewe na kuangaliwa kwenye mwanga wa jua. Gari za soko la Japani za kabla ya mwaka 2008 hivi si zote zinazojibu visomaji vya kawaida. Hizo huhitaji mashine ya makanika.

Ea klina Kitengela haifi kifo cha kawaida. Vumbi la barabara za mitaani, udongo mweusi uliokauka na kusagwa na magurudumu, na ungaunga wa malori ya saruji kutoka Athi River huijaza kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Ya karatasi ibadilishwe. Anayeweka ile ya pamba iliyopakwa mafuta akumbuke kwamba mafuta yakizidi huruka na kushika kwenye waya wa sensa ya hewa, na sensa ikianza kusoma vibaya petroli nayo hukosewa.

Kufungua na kufunga

Kazi ianze asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuamka. Injini iwe baridi kabisa, kwa kuwa throto nyingi hupitiwa na hosi mbili za maji ya rejeta. Waya hasi ya betri itolewe. Kila hosi ipigwe picha kwa simu kabla ya kung'olewa. Baada ya saa mbili, hosi tatu nyembamba nyeusi hufanana kama mapacha.

Bolti nne zikitoka, throto hushuka mkononi, na hapa pana cha kutazama. Ukingo wa kisahani huwa na pete nyeusi inayonata: mvuke wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini, uliokamata vumbi na kukauka. Pete hiyo hukaa palepale hewa ya silensa inapopita, silensa ikiwa ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Ndiyo maana gari hutetemeka kwenye taa au huzima likiingia kituo cha petroli. Dawa ya kusafishia throto hupuliziwa kwenye kitambaa, si ndani ya mhimili wala mota, na mswaki mkuukuu humaliza kingo. Visahani vingine vimepakwa utando maalumu kiwandani, hivyo visikwaruzwe. Kisahani cha mota kisisukumwe kwa nguvu, kwa sababu gia zake ni za plastiki, na kamwe kidole kisiingizwe ufunguo ukiwa umewashwa.

Mdomo wa manifoldi uzibwe kwa kitambaa safi dakika hiyohiyo. Nati moja ikidondoka humo inaweza kuivunja injini.

Anayeweka throto ya milimita 66 juu ya mdomo wa milimita 60 hutengeneza ngazi ya milimita 3 kuzunguka tundu, na hewa hujikwaa hapo. Gasketi mpya hutumika kama ramani ya kuchora mduara, kisha mdomo husagwa taratibu hadi kwenye mstari. Manifoldi itolewe kwanza kwenye gari na ioshwe baadaye, kwa sababu unga wa aluminiamu ukiingia kwenye silinda hula ukuta wake. Kwenye manifoldi ya plastiki, kama ya 1NZ-FE, unene wa kusaga ni mdogo, na ushauri wa makala haya ni kuiacha.

Bolti hukazwa kwa mshazari, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana ya toki. Za M6 kwa kawaida huhitaji Nm 8 hadi 10 tu, na kitabu cha gari hutaja kiasi kamili. Maji ya rejeta yajazwe na hewa itolewe. Gari likiwashwa kompyuta huhitaji kujifunza silensa upya: baadhi ya Toyota hujifunza zenyewe baada ya betri kufunguliwa, Nissan nyingi hudai mashine. Silensa ikipanda na kushuka, hewa inavuja. Maji kidogo yanyunyizwe kwenye maungio na mlio usikilizwe. Dawa ya kabureta isitumike kutafutia uvujaji injini ikiwa moto, kwani hushika moto.

Plenamu ya kutengenezwa

Plenamu hutengenezwa kwa bati la aluminiamu la milimita 3 hivi, likachomelewa kwa argoni. Wakerezaji wa Kariobangi Light Industries jijini Nairobi wanaweza kukereza pete za mdomo, lakini aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu huwa na vitundu visivyoonekana. Kwa hiyo plenamu mpya izibwe, itiwe upepo kidogo na kuzamishwa kwenye beseni la maji. Povu huonyesha penye kasoro. Iliyokusudiwa gari la tabo ipimwe kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu ikipasuka barabarani injini hupoteza nguvu ghafla, labda mbele ya lori.

Ukubwa wa plenamu ukibadilika, baadhi ya kompyuta zinazokadiria hewa kwa shinikizo huweza kutoa petroli pungufu, injini ikaanza kugonga inapobeba mzigo. Hapo panahitajika mtu wa kurekebisha programu, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi.

Throto ya zamani ihifadhiwe ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na bolti zake nne ndani ya chupa ya plastiki yenye jina la gari. Mnunuzi wa gari hilo siku moja ataiuliza.