Kaya Fungo na Baruti ya 1914

Ndugu zangu, tukimtaja Mekatilili wa Menza huwa tunasimulia kiapo, vita, na kupelekwa kwake uhamishoni Kisii, kisha basi. Msitu tunausahau. Mimi naona kisa chenyewe kimo mle msituni.

Mwaka 1913 Wagiriama walikula kiapo Kaya Fungo kwamba hawatampa Mwingereza vijana wa kazi. Kaya wakati ule haikuwa mji tena, watu wengi walikwisha kutawanyika kutafuta mashamba. Iliyobaki ni miti, makaburi, na fingo lililofukiwa ardhini. Hata hivyo, neno likitoka mle husikilizwa. Mwingereza akalifahamu hilo, pengine kuliko baadhi yetu tuliosoma. Agosti 1914 akaipiga kaya baruti na kuitia moto. Hivi mtu hupoteza baruti kwa kichaka cha kuni?

Miiko yenyewe ilikuwa mikali. Hukati mti, hata tawi kavu huokoti ila kwa idhini ya wazee, ng'ombe haingii, njia ni ile ile iliyowekwa. Hakuna aliyesema habari za kuhifadhi mazingira. Mle walilala mababu, na ukiwaudhi mvua haiji, ndivyo walivyoamini. Lakini wataalamu wa mimea wakiingia kaya za Wamijikenda leo hukuta miti ambayo nje yake ni adimu mno.

Najua wako watakaosema huo ni ushirikina. La itikadi nawaachia masheikh. Ila tusijifanye wageni jamani: ule ubani na marashi ya mizimuni kwetu, chini ya mibuyu, vilikuwa vikipelekwa na nani?

Dini zilipoenea, na ardhi ya pwani ilipopata bei, vijana wengi waliacha kuliogopa fingo na mashoka yakaingia. Kuanzia 1992 Serikali ya Kenya ikazitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaorodhesha misitu kadhaa. Kheri. Lakini huko huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi ugomvi wenyewe ukiwa wa shamba, hata wengine wanapaka mvi zao rangi nyeusi. Na hao ndio wanaojua mpaka wa msitu ulipo, na idhini ya kuingia huombwa vipi.