UZI: Kisima kikikauka karibu na mgodi, nani anapaswa kuthibitisha?

1. Kila mara mjadala wa makaa ya mawe ukirudi, kambi ni zile zile mbili. Moja inasema, "Mgodi utakausha visima vyetu." Ya pili inajibu, "Leteni ushahidi." Kisha ni kelele mpaka kipindi kinaisha. Leo hatutaji mwanasiasa wala chama. Twende kwanza Pennsylvania, Marekani, ambako ugomvi huu ulizunguka zaidi ya miaka 70.

2. Mwaka 1878 kampuni moja ya makaa huko iliuza ardhi ya juu, ikabaki na makaa ya chini. Hati ikasema mnunuzi asidai chochote ardhi ikididimia. Mwaka 1921 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia uchimbaji unaobomoa makazi ya watu. Familia iliyoishi juu ya makaa yale ikaenda kortini. 1922, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kampuni imeshinda: sheria imevuka mpaka, imechukua mali ya mtu bila fidia.

3. Jimbo likajaribu tena mwaka 1966. Sheria mpya ikalinda nyumba za makazi, majengo ya umma na makaburi. Kampuni zikaenda kortini tena, na 1987 zikashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Sawa, nyumba zimepata ulinzi. Lakini kisima je? Wenye migodi ya chini ya ardhi walikuwa bado hawajalazimishwa kurudisha maji waliyoyaharibu.

4. Hebu tuelewe kisima kinaharibikaje. Kwenye baadhi ya migodi ya huko, mtambo unakata ukuta mrefu wa makaa, kisha paa la mwamba linaachwa lianguke nyuma yake. Ardhi ya juu inashuka, miamba inapasuka, maji yanateremkia nyufa za chini zaidi. Kisima kinaweza kushuka ndani ya siku chache. Vingine hujaa tena baadaye. Vingine havirudi, au maji yanarudi na rangi ya kutu.

5. Sasa shida yenyewe. Kisima kinaweza pia kukauka kwa sababu ya kiangazi, pampu mbovu, au jirani aliyechimba kisima kirefu kuliko chako. Mkulima anasema ni mgodi. Kampuni inasema ni mvua haijanyesha. Nani alipima kabla? Hakuna. Na pasipo kipimo, mwenye wakili mzuri ndiye mwenye ukweli.

6. Mwaka 1994 Pennsylvania ikabadilisha hesabu kwa sheria inayoitwa Act 54. Ilikuwa ni kupatana: kampuni zikaruhusiwa kuchimba chini ya nyumba nyingi, mradi zitengeneze au zilipe uharibifu. Kwa upande wa maji, zikiyaharibu, lazima ziyarudishe. Sheria ikachora eneo kwa pembe ya digrii 35 kutoka ukingo wa mgodi. Kisima kikiharibika ndani ya eneo hilo, inachukuliwa kwamba mgodi ndio uliosababisha, mpaka kampuni ithibitishe vingine. Mzigo ukahama begani mwa mkulima.

7. Lakini kulikuwa na mtego. Kampuni inatakiwa kupima kisima kabla ya kuchimba. Mwenye shamba akikataa wasiingie kupima, anaweza kupoteza kinga hiyo, na ushahidi unamrudia yeye. Yaani ukifunga geti kwa hasira, umejifungia mwenyewe. Na ukichelewa kudai kwa zaidi ya miaka miwili, umekosa.

8. Kupima ni nini hasa? Si eti mtu anachungulia kisima mara moja na kupiga picha. Unapima kina cha maji kutoka mdomo wa kisima, maji yanayotoka kwa dakika, asidi, chuma, salfeti. Unapima kiangazi na masika. Unapima kabla, wakati, na baada ya uchimbaji. Unapima pia visima vya mbali na mgodi. Vikishuka vyote pamoja, huenda ni ukame. Vikishuka vya karibu peke yake, hapo kuna maswali.

9. Je, Pennsylvania imekuwa peponi? Wapi! Sheria inataka ripoti kila miaka 5, na ripoti hizo zinaonyesha madai mengine ya visima yakikokota miezi na hata miaka kabla ya kuisha. Lakini angalau kuna namba za kubishania mezani.

10. Turudi nyumbani. Bonde la Mui, Kitui, lina makaa ya mawe, na mjadala wake umedumu miaka. Ni eneo kame, ambako watu huchota maji kwenye visima na kufukua mchanga wa mito iliyokauka. Uchimbaji wa kibiashara haujaanza. Na hata mgodi ukiwa wa wazi, lazima maji yapampiwe nje ya shimo, kwa hivyo swali la visima liko pale pale.

11. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo akija mtu jukwaani, awe anaupigia mgodi debe au anaupinga, muulize matatu: Visima vyetu vimepimwa lini? Namba ziko wapi, na mwananchi anaweza kuzisoma? Kisima kikikauka, ni nani atatakiwa kuthibitisha?

12. Kipimo cha kabla hupatikana kabla tu. Siku tingatinga likianza kazi, nafasi hiyo imeenda na hairudi. Kama unatoka pande hizo, anza leo: kamba, jiwe, daftari, tarehe. Haichukui nafasi ya maabara, lakini ni bora kuliko kwenda kortini na "tunakumbuka maji yalikuwa mengi."

Mwisho wa uzi. Mpitishie mtu wa nyumbani aliye na kisima.