Kilabu, Chupa na Kiroba

Wasomaji wetu, katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Temeke na Kinondoni hapana neno lisemwalo kwa wepesi kama neno hili: wazee wetu walikunywa kwa kiasi, watu wa leo hawana kiasi. Sisi tufundishao watoto wa vitongoji hivi twalisikia barazani, twalisikia kanisani, hata katika mikutano ya wazazi shuleni. Basi tumeona vema kuitafuta asili ya mambo haya, tupate kujua ni kitu gani hasa kilichogeuka: tabia ya watu, au kinywaji chenyewe?

Kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga mji wake hapa, katika miaka ya 1860, Wazaramo na majirani zao walikuwa na tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata karara lisilofunguka bado, hufunga kibuyu chake, na maji hudondoka humo. Tembo la asubuhi ni tamu, hata mtoto aweza kuonja. Jioni limekwisha kuwa kali. Siku ya pili limechacha, na baada ya hapo ni siki tu. Pombe ya nafaka nayo yataka siku nyingi: kulowesha mtama au mahindi, kungoja kimea kichipue, kuanika, kusaga, kupika, kungoja tena. Ikiisha kuiva haina budi kunywewa mara, maana haikai. Ndivyo ilivyo hata mbege ya Wachaga, ipikwayo kwa ndizi na ulezi, na ulanzi wa Iringa utokao katika mianzi. Kule Uganda Wateso huketi wakikizunguka chungu kimoja cha ajono, kila mmoja na mrija wake mrefu, na chungu kikiisha watu huondoka.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka msomaji alishike. Vinywaji vyote hivyo haviwezi kuwekwa. Mtu hawezi kujaza ghala tembo akalinywa peke yake mwezi mzima. Ikipikwa pombe, ilikuwa kwa sababu: mavuno, arusi, matanga, au kazi ya kulimiana mashamba, na kwa kuwa lazima iishe, ilibidi waitwe wengi. Wazee ndio waliokaa mbele, na vijana walingoja zamu. Hatusemi ya kwamba hakuwako mlevi siku zile. Walikuwako, wala ugomvi haukukosekana. Lakini ulevi ulikuwa na siku yake, kisha kibuyu kilikauka wenyewe bila polisi wala sheria.

Wajerumani waliuhamishia makao makuu yao mji huu mwaka 1891, wakaja na desturi ya kwao ya bia, nao wakaipika papa hapa mjini. Mwaka uliotangulia, yaani 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Brussels na kupatana kuzuia vileo vikali visiuzwe kwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika. Mapatano hayo yalikazwa tena mwaka 1919 huko Saint-Germain, Ufaransa, na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, waliagizwa kuangalia kwa ukali biashara ya vileo. Wamisioni wengi waliyafurahia mapatano hayo, ingawa wao wenyewe hawakuwa na shauri moja: wengine walimkataza Mkristo asionje kabisa, wengine walikataza ulevi tu.

Kusudi laweza kuwa jema, lakini tazama lilivyotendeka. Sheria haikuuliza mtu amelewa au hakulewa. Iliuliza rangi yake. Mzungu aliweza kuketi hotelini na chupa yake mbele ya macho ya watu. Mtumishi aliyeileta chupa ile mezani hakuruhusiwa kuionja. Basi chupa ikawa alama ya ukubwa. Yeyote aliyetaka kuonekana mtu mzima mbele ya serikali aliitamani, si kwa kiu peke yake.

Pombe ya kienyeji ilitafutiwa njia nyingine. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulikuwa umegundua mwaka 1909 ya kwamba halmashauri ikishika peke yake biashara ya pombe ya Waafrika, mapato yake yaweza kulipia gharama za kuwatawala Waafrika hao hao. Nairobi iliiga katika miaka ya 1920, ikafungua nyumba ya pombe Pumwani. Hapa Dar es Salaam nasi tukapata kilabu: pahali pamoja palipowekwa, saa zilizowekwa, na ada ya kulipwa. Mwanamke aliyepika uani kwake bila ruhusa alishikwa, na mitungi yake ikamwagwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipanuka, mitaa ya Waafrika ikapimwa Magomeni, Kinondoni na Temeke, na unywaji ukaufuata mji huko. Kwa hiyo watawala waliomkemea mnywaji ndio waliohesabu senti zake jioni.

Chupa nayo haikulala. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo, yule wa mwituni si yule wa kibuyu, na bia yao ikaitwa Tusker kwa sababu ya pembe za mnyama huyo. Kiwanda cha Tanganyika kilianza mwaka 1933 mjini Dar es Salaam. Askari wetu waliporudi kutoka Burma, ilikuwa vigumu kuwaambia ya kwamba waliofaa kupigana vita hawafai kununua bia. Kenya iliwaruhusu Waafrika bia ya chupa mwaka 1947, na uhuru ulipofika Tanganyika mwaka 1961 kizuizi cha rangi kilikuwa kimekwisha kuondoka hapa pia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, kiwanda cha bia kikaingia mikononi mwa serikali, kikakaa humo mpaka kampuni ya Afrika Kusini iliponunua nusu yake mwaka 1993.

Lakini kulikuwa na kinywaji cha tatu, nacho hakikungoja ruhusa ya mtu. Gongo, au pombe ya moshi, hutokana na kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake. Haichachi. Chupa moja yatosha watu wengi, nayo hufichika chini ya kanga au katika kapu la mchicha. Marekani walijifunza jambo hili walipokataza vileo vyote toka 1920 hata 1933: pipa la bia ni zito na harufu yake hufika barabarani, kwa hiyo wauzaji wa magendo waliiacha bia wakashika vile vikali. Katazo lenyewe liliwafundisha watu kunywa kilicho kikali zaidi. Ndivyo ilivyokuwa uani kwetu: mitungi ilipomwagwa, mtambo wa moshi ukafichwa.

Serikali huru ilijaribu kumtia mnyama huyu zizini. Uganda ilitunga sheria, na enguli ya vijijini ikasafishwa kiwandani na kuitwa waragi. Bunge letu lilitunga sheria ya pombe ya moshi mwaka 1966, na mwaka 1967 kikaanzishwa kiwanda cha vileo vikali, ambacho kipo Chang'ombe, wilaya ya Temeke. Huko ndiko itokako Konyagi. Gongo isiyo na leseni haikukoma kwa hayo.

Kisha vikaja viroba, vifuko vya plastiki vyenye kileo kikali, vidogo hata kutosha mfuko wa shati. Sisi walimu tulivikuta vitupu nyuma ya vyoo vya shule na vituoni pa daladala. Safari hii hapakuwa na mzee wa kugawa zamu, wala mrija, wala chungu, wala saa ya kufunga. Bei yake ilikuwa ndogo kama ya andazi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza vikome, na katazo likaanza tarehe 1 Machi 2017. Kileo chenyewe hakikukatazwa. Kiliendelea kuuzwa katika chupa.

Kuna neno moja zaidi, nalo latugusa sisi. Kabla ya mwaka 2016 ada ya shule ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka. Baadhi ya wanafunzi wetu waliileta kwa noti ndogo ndogo zilizokunjwa, zenye harufu ya chachu, nasi tulijua zimetoka kilabuni, kwa mama zao wapikao komoni na mbege. Tuliwaandikia risiti. Jumapili tulisimama tukafundisha habari ya kiasi, na mama hao walikuwa wameketi mbele yetu pamoja na watoto wao. Hatukupata kumwuliza hata mmoja wao angepika nini badala yake.

Wangali wakipika. Kimea chao chataka siku zile zile kilizotaka zamani. Pombe ikibaki mpaka siku ya tatu humwagwa, na machicha huchukuliwa na wafuga nguruwe.