Homa ya Kahe: safari ya kipimo kutoka darubini hadi simu janja

Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Moshi hadi Kahe, kuwaondoa Wajerumani walioishikilia reli ya kwenda Tanga. Tarehe 21 mapigano yalipamba moto, na Wajerumani wakarudi nyuma usiku. Kisha masika yakaanza, na homa ikawapukutisha washindi. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, maradhi yaliua askari wengi wa Uingereza kuliko risasi.

Anayeijua Kahe hashangai. Ni tambarare yenye joto chini ya Mlima Kilimanjaro, yenye chemchemi za Miwaleni, mito na mifereji ya mpunga. Zamani Wachaga wengi walishuka huku kulima mahindi, jioni wakapanda kurudi migombani. Kulala bondeni kulikuwa kujitakia homa.

Swali lililosumbua kwa karne nzima ni hili: hiyo homa ni ugonjwa gani?

Kwa malaria, jibu lilikuwepo tangu mwaka 1880, Mfaransa Alphonse Laveran alipoviona vimelea vyake kwenye damu kwa darubini. Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo, likaachwa likauke, likatiwa rangi ya Giemsa, kisha mtaalamu akainama juu ya lenzi na kuhesabu. Panahitajika darubini nzima, rangi safi, mwanga wa kutosha na jicho lisilochoka. Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na hata kimoja cha hivyo. Mganga akaugusa mwili, akaukuta una joto, akaandika malaria.

Gharama ya mazoea hayo ilikuja kujulikana baadaye, na ilijulikana kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake katika hospitali 10 za kaskazini mashariki. Walichunguza damu ya wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa kwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea hawakufika nusu. Tena kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi kwa wale wasio na vimelea, maana wengi wao walitibiwa malaria huku ugonjwa wao halisi ukiachwa.

Utafiti mwingine ulifanyika Moshi mjini, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa, 528 waliandikiwa malaria. Vipimo kamili vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Wengine walikuwa na vimelea vya bakteria kwenye damu, homa ya chikungunya, au magonjwa yatokayo kwa wanyama kama leptospira, homa ya Q na brusela. Mtu anayeshinda kwenye majaruba ya maji au anayekamua ng'ombe kila alfajiri ana kila sababu ya kuyajua majina hayo, lakini ni nani aliyewahi kumtajia?

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kipimo cha haraka cha malaria, kile ambacho wahudumu hukiita mRDT. Ni kijikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kidole huchomwa, tone la damu likawekwa kwenye kitundu chake, yakafuata matone ya maji ya dawa, kisha mnasubiri kama robo saa. Mstari mmoja kwenye herufi C unaonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Ukijitokeza na wa pili, malaria ipo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Zahanati isiyo na umeme ikapata uwezo wa kutoa jibu siku ileile.

Wakati huohuo simu nayo ilikuwa inaingia kwenye afya. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulianza majaribio Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki vituo 129 vilituma kwa ujumbe mfupi hesabu ya dawa za malaria zilizobaki. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26, na simu zilizotumika zilikuwa za kawaida kabisa. Baadaye, wataalamu wa SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walitengeneza AfyaData, programu ya simu janja ambayo kwayo watu wa vijijini walitoa taarifa za dalili za magonjwa ya watu na ya mifugo.

Korona ikaja kuupima mlolongo wote huo. Machi 15, 2020, msafiri aliyetokea Ubelgiji alitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kati ya Moshi na Arusha. Kesho yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni mgonjwa wa kwanza nchini. Sampuli ililazimika kwenda Dar es Salaam. Kipimo chenyewe cha maabara, kiitwacho PCR, ni cha saa chache, ila safari ya sampuli kwenda na ya jibu kurudi ndiyo iliyokula muda.

Mpakani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mei 16, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliufunga mpaka wa Kenya na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akatakiwa apimwe na akutwe salama ndipo avuke. Tanzania nayo ikabana. Dereva aliyeonekana mzima upande mmoja aliweza kuambiwa ni mgonjwa upande wa pili. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa TradeMark East Africa, ilileta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Dereva aliweka programu kwenye simu yake, na majibu ya kipimo chake yakaweza kuonekana kwa maofisa wa mpaka unaofuata bila kupimwa upya.

Hata hivyo, simu hubeba kile tu ilichopewa. Mwanzoni mwa Mei 2020 Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zimerudi na majibu ya kuwa na korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kikapinga madai kwamba vipimo vilikuwa vibovu. Hesabu ya wagonjwa ikasimama kwenye 509, na mwaka mmoja ukapita bila takwimu, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozitoa tena hadharani Juni 2021. Ni haki kukitilia shaka kipimo, na njia ya kuimaliza shaka hiyo ni kupima upya na kutangaza matokeo. Ukimya ulimwacha kila mwenye kikohozi akijikisia mwenyewe, kama mganga wa zamani alivyoikisia homa ya bondeni.

Kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi, Kagera imeonyesha. Januari 2025 virusi vya Marburg vilipozuka Biharamulo, maabara inayohamishika iliyoko mkoani humo ilipima sampuli palepale, Dar es Salaam ikathibitisha, na Rais akautangazia ulimwengu tarehe 20. Machi 13 mlipuko ulitangazwa kwisha.

Historia hii inatufundisha nini sisi wa Kilimanjaro? Kila hatua yenye manufaa ilifupisha njia kati ya kidole cha mgonjwa na uamuzi wa kumtibu au kumkinga jirani yake. Kipimo cha haraka kiliifupisha ndani ya zahanati, na simu ikaifupisha kati ya zahanati na wilaya. Bado homa nyingi zisizo malaria hazina kipimo cha haraka vijijini. Mgonjwa huambiwa hana malaria, akarudi nyumbani na antibiotiki za kubahatisha. Vipimo vya leptospira na brusela vikifika zahanati za Kahe, na majibu yake yakasomwa wilayani wiki hiyohiyo na kutangazwa kwa wananchi, janga lijalo litatukuta tukiwa na mazoea ya kupima na kuambiana ukweli. Mazoea hayo hayajengwi siku ya hatari. Yanajengwa sasa, kwa homa za kila siku.