Nguo Nyeupe na Madoa Yake: Kutoka Pwani hadi Kinyinya

Utangulizi

Wahenga walisema, "Vyaelea, vimeundwa." Sisi walimu twaizoea methali hii kwa habari za jahazi na mafundi wake. Katika makala hii nataka tuitumie kwa jambo dogo zaidi, ambalo kila mmoja wetu analiona kila siku na ambalo wachache wamelifikiria kuwa ni historia: nguo nyeupe isiyo na doa.

Tuanzie Kinyinya, katika Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Jina hili si geni kwa wasikilizaji wa redio wa zamani. Katika kilima cha Kinyinya ndipo ilipokuwapo mitambo ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo, pamoja na yale ya Kiswahili, kuanzia mwaka 1965 mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Udongo wa huko ni mwekundu. Wakati wa kiangazi huwa vumbi, na wakati wa masika huwa tope, na katika hali zote mbili huifuata nguo. Mwanafunzi apandaye kilima akiwa na shati jeupe amebeba kazi ya mtu aliyelifua jana yake. Mtu huyo ni nani? Alijifunza wapi? Na maneno ya kazi yake yametoka wapi? Majibu ya maswali haya yatatufikisha Unguja, Kongo na Ufaransa, kisha yaturudishe darasani.

Nguo nyeupe ilivyoingia

Katika Pwani, kitambaa kilichoenea kuliko vyote katika karne ya 19 kilikuwa merikani. Jina lake lataja asili yake. Kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wale wa mji wa Salem, na biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoipunguza, vitambaa vya Bombay vilijaza nafasi.

Yafaa ikumbukwe kwamba merikani haikuwa nyeupe hasa. Ilikuwa pamba isiyong'arishwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi. Ili iwe nyeupe ilihitaji kufuliwa na kuanikwa juani mara nyingi. Wanawake wengi maskini waliepa taabu hiyo kwa kuitia nili, ikawa nyeusi, kwani nguo nyeusi haionyeshi uchafu upesi. Kanzu nyeupe, kwa upande mwingine, ilikuwa vazi la mwungwana. Haikumpa heshima kwa bei yake tu. Ilitangaza kwamba mvaaji hashiki jembe wala chungu, na kwamba yuko mtu mwingine anayemfulia. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa.

Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja. Miaka iliyofuata, wanaume walioachwa huru walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakavaa kanga. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko mtindo. Kwa mara ya kwanza mvaaji na mfuaji wa kanzu nyeupe waliweza kuwa mtu yule yule.

Rwanda ilipokea nguo hizi kwa kuchelewa. Wafanyabiashara wa Pwani hawakuingia kwa urahisi katika ufalme ule, na wenyeji walivaa ngozi na impuzu, yaani nguo ya gome la mti. Mwaka 1900 Wamisionari wa Afrika walifungua kituo chao huko Save. Kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadri Weupe, na vazi hilo lilichaguliwa na mwanzilishi wao, Lavigerie, kwa kufuata mavazi ya watu wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha Kigali. Pamoja na watawala walikuja askari, makarani na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, nao hawakuondoka Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916.

Ushahidi wa lugha

Kwa mwalimu wa lugha, hapa ndipo penye utamu. Mnyarwanda huita sabuni isabune, pasi huiita ipasi, na shati huliita ishati. Kufua kwa Kinyarwanda ni kumesa, lakini mjini Kigali utasikia pia gufura, ambalo halikujificha asili yake. Maneno ya vitu vilivyoletwa yaliingia pamoja na vitu vyenyewe. Lakini doa halikuazimwa: Kinyarwanda kina neno lake, ikizinga. Watu huazima sabuni. Hawana haja ya kuazima uchafu.

Tusijivune lakini. Sabuni tumeipata kwa Waarabu, dobi kwa Wahindi, na buluu kwa Waingereza. Mnyarwanda aliyeazima kwetu aliazima kwa mwazimaji.

Maneno yetu ya asili nayo yafaa kutazamwa. Twasema kufua nguo, na twasema kufua chuma. Aliyemwona dobi akiipiga nguo juu ya jiwe hataona ajabu kuwa kazi mbili hizi zina kitenzi kimoja. Tena tazama taka na takata: la kwanza ni uchafu, la pili ni kuwa safi, na kutoka hilo la pili twapata takasa na utakatifu. Mwalimu atakayewapa wanafunzi maneno haya mawili na kuwauliza yanahusianaje hatakosa mjadala wa kipindi kizima.

Liko jambo jingine lisilofurahisha. Kwa muda mrefu katika Rwanda neno umuswahili lilikuwa na maana ya mtu mjanja, mlaghai wa mjini. Lugha yenyewe ilipakwa waa hilo, ikahesabiwa kuwa ya askari, wachuuzi na wakazi wa mitaa kama Biryogo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kuifanya lugha rasmi. Sheria hufuta mengi, lakini waa lililokauka halitoki kwa suuzo moja. Kazi iliyobaki ni ya walimu.

Sabuni na gharama yake

Kabla ya sabuni ya dukani watu walifulia majivu. Majivu ya maganda ya ndizi yana magadi mengi ya potasi, na maji yake huyeyusha mafuta. Aidha, upo mmea wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki ambao matunda yake hutoa povu. Waethiopia huuita endod. Mwaka 1964 Aklilu Lemma, mtaalamu wa Kiethiopia, aligundua kwamba konokono wanaoeneza kichocho walikuwa wakifa mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda hayo. Ujuzi wa wafuaji ukawa sayansi.

Sabuni ya viwanda ilitaka mafuta ya mimea, na mafuta hayo yalitoka kwetu. Mbata za Unguja zilipelekwa Marseille. Mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Watu walishurutishwa kukata mikungu ya michikichi kwa ujira mdogo, na manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za maasi ya Wapende mwaka 1931. Weupe wa shuka la Ulaya ulikuwa na doa ambalo mvaaji hakuliona.

Dawa ya kung'arisha nayo ina safari yake. Mwaka 1774 Scheele wa Sweden aliipata klorini. Mwaka 1785 Berthollet wa Ufaransa alionyesha jinsi inavyong'arisha kitambaa, na dawa ya maji ikatengenezwa huko Javel, karibu na Paris. Ndiyo maana Kigali watu huiita Javel, hali Nairobi huiita Jik. Chupa ni zile zile, lakini kila jina lataja nani aliyetutawala.

Madoa na dawa zake

Sasa tutazame kazi yenyewe, kwani historia isiyofika kwenye beseni haijakamilika.

Tope jekundu lisisuguliwe likiwa bichi. Liache likauke, ulikung'ute na kulipiga burashi, ndipo ufue kwa sabuni. Wekundu wake ni kutu ya chuma. Javel haiondoi kutu. Huenda ikaishikiza zaidi. Alama inayobaki hupakwa maji ya limau na chumvi, ikaanikwa juani, kisha ikasuuzwa. Asidi ya limau huikamata ile kutu na kuitoa.

Damu yataka maji baridi na chumvi kidogo. Maji ya moto huipika ndani ya nyuzi, kama yai lipikwavyo. Kahawa au chai ya rangi humwagiwa maji ya moto mapema, lakini ikiwa na maziwa huanza na maji baridi, kwa sababu ile ile. Mawese hufuliwa kwa sabuni nyingi na maji ya moto. Rangi inayosalia hupaushwa na jua. Bizari ya manjano huwatisha wengi kwa kuwa nyekundu ikiguswa na sabuni. Usiogope, suuza, na jua litaimaliza. Manjano ya jasho kwapani yasitiwe Javel, kwani huzidi. Yalowekwe katika maji ya magadi. Buluu haiondoi doa lolote. Huficha tu umanjano machoni.

Onyo moja: Javel isichanganywe kamwe na limau, siki wala amonia. Hewa itokayo hudhuru mapafu, na yaweza kuua.

Nimebakiza utomvu wa ndizi. Katika nchi zetu za migomba, hili ndilo doa gumu kuliko yote. Utomvu hutoka mweupe kama maji, ukakauka kuwa kahawia, na baada ya hapo haukubali sabuni. Dawa yake ni haraka: kabla haujakauka, paka limau, kisha suuza kwa maji mengi. Limau huzuia ule ugeukaji wa rangi.

Nalitaja mwisho kwa sababu moja. Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzetu mmoja alitolewa mstarini mbele ya shule nzima kwa kuwa shati lake lilikuwa na madoa ya kahawia kifuani. Aliambiwa ni mchafu, arudi nyumbani akafue. Tulicheka. Kumbe alikuwa amelifua usiku, na tena alfajiri. Madoa yale yalikuwa ya mikungu aliyombebea mama yake kupeleka sokoni kabla ya kuja shule. Alirudi kesho yake na madoa yale yale, akatolewa tena. Wiki ile ilipokwisha hatukumwona tena. Hakuna hata mmoja wetu, mwalimu au mwanafunzi, aliyejua kwamba limau moja lililopakwa mapema lingetosha.

Tamati

Tumeona kwamba weupe wa nguo haukuwa kamwe jambo la tabia njema peke yake. Mwungwana wa Unguja alikuwa mweupe kwa mikono ya mtumwa, na Mzungu kwa mafuta ya Kongo. Mtoto wa Kinyinya ni mweupe kwa mikono ya mama yake au yake mwenyewe, na kwa maji yaliyobebwa. Basi, walimu wenzangu, tukiliona doa katika shati la mwanafunzi, tuulize kwanza ni doa la nini. Jibu lake litatuambia habari za nyumba yao. Kisha tumfundishe dawa yake, na maneno yake: loweka, fua, suuza, kamua, anika. Huo nao ni somo la Kiswahili.