Mtoto anaposahau agizo la mwalimu

Mwalimu wa darasa la awali anasema: “Chukua daftari, kaa mkekani, chora mbuzi.” Mtoto anachukua daftari, kisha anasimama tu. Haraka tunamwita mtundu. Mara nyingi agizo limemponyoka: uwezo wake wa kushika maneno kichwani huku akiyafanyia kazi bado ni mdogo. Aliyezoea Kisukuma au Kigogo nyumbani ana mzigo wa ziada, kwa kuwa anatafuta kwanza maana ya Kiswahili chenyewe.

Basi maagizo yatolewe machache, na mtoto ayarudie kwa sauti kabla ya kuinuka.

Mchezo mmoja hauhitaji hata chaki. Watoto watano au sita wakae duara. Wa kwanza aseme, “Nilikwenda sokoni, nikanunua nyanya.” Wa pili ataje nyanya, aongeze dagaa; wa tatu ataje vyote viwili, aongeze chake. Darasa la watoto 80 ligawanywe, la sivyo wa mwisho atakata tamaa. Anayekwama asichekwe, wenzake wamwonyeshe kwa ishara.

Mwingine: panga jiwe, kizibo, jani na punje ya hindi, funika kwa khanga, ondoa kimoja kwa siri. Mtoto asiseme “kizibo” tu. Aseme, “Kizibo kilichokuwa karibu na jiwe hakipo.” Hapo ndipo lugha inapokua, na kwetu hilo ni muhimu kuliko kuongeza idadi ya vitu. Tusitarajie miujiza: anayezoea mchezo mmoja huwa hodari kwanza katika mchezo huohuo, kwa hiyo michezo ibadilishwe. Nyumbani, mzazi anaweza kuucheza huu wa pili wakati wa kuchambua maharage.